Betri ya gari chumbani: hatari ya kuchaji nyumbani bila uangalifu

Katika nyumba nyingi za Tanzania, Kenya na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, betri ya gari imekwisha kuhama garini. Imewekwa kwenye pembe ya sebule, nyuma ya kabati au chini ya kitanda, nayo ndiyo iwashayo taa, redio na televisheni, na kuchaji simu za wenyeji na za majirani. Inapoishiwa nguvu huchajiwa papo hapo ilipo, na mara nyingi usiku, pale umeme uliokatika mchana unaporejea na watu wa nyumbani wamekwisha kulala. Huo ndio wakati ambao chombo hiki kinachoaminiwa na kila mtu hugeuka kuwa hatari.

Sababu ya betri hizo kuwa nyingi inaeleweka. Nchini Kongo ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano anayefikiwa na umeme, na hata katika miji ya nchi jirani ambako nyaya zimefika, mgawo wa umeme ni jambo la kawaida. Betri ya gari hupatikana kila mji wenye gereji, iliyokwishatumika huuzwa kwa bei nafuu, na fundi wa kuihudumia hakosekani. Kaya isiyo na njia nyingine ya kupata mwanga wa mtoto kusomea haiwezi kuambiwa iachane nayo. Linalowezekana ni kuijua vizuri zaidi.

Betri ya aina hii ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na kwa asili yake haijabadilika sana tangu hapo. Ndani ya kasha la plastiki mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa zaidi kidogo ya volti 2, hivyo betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6. Katika kila chumba kuna mabamba ya madini ya risasi yaliyozamishwa katika mchanganyiko wa maji na tindikali ya salfa. Betri inapokuwa imejaa, zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo ni tindikali yenyewe.

Hapa lugha ya mtaani huleta utata wake. Neno “maji ya betri” hutumiwa kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo: tindikali inayotiwa katika betri mpya, na maji safi yasiyo na chumvichumvi yanayoongezwa pale kiwango kinapopungua. Vyote viwili huuzwa katika chupa, vyote havina rangi, na si ajabu kuvikuta vimehamishiwa katika chupa tupu za soda au za maji ya kunywa. Mtoto aliyetumwa dukani au aliyeona kiu hana namna ya kuvitofautisha. Chupa ya namna hiyo haistahili kuwamo jikoni hata kwa saa moja.

Betri “inapochemka”

Watu wengi huchukulia mapovu ndani ya betri kuwa dalili njema. Fundi huinamisha sikio, akasikia mchemko, akasema betri imekubali. Ukweli ni kwamba mapovu hayo hayatokani na moto kama yale ya sufuriani. Chaji inapokaribia kukamilika, mabamba huwa hayana tena kazi kubwa ya kufanya, na umeme unaoendelea kusukumwa ndani huanza kuyapasua maji yenyewe. Upande mmoja hutoka gesi ya haidrojeni, upande wa pili oksijeni. Kwa betri ya volti 12 hali hiyo hupamba moto volti zikifika 14.4 hivi. Mapovu machache mwishoni mwa chaji hayaepukiki. Mapovu yanayoendelea saa baada ya saa maana yake ni kwamba betri imekwisha kujaa zamani na kinachotengenezwa sasa ni gesi tupu.

Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 4 tu, mchanganyiko huo huweza kushika moto, na hubaki hivyo hadi asilimia 75. Gesi chache zina upana kama huo. Cheche inayotosha kuiwasha ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza asiione wala asiihisi.

Hesabu kidogo itaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Betri ya volti 12 iliyokwisha kujaa, ikiendelea kupokea ampea 5, hutoa takriban lita 12 na nusu za haidrojeni kwa saa. Tuseme betri ya ampea-saa 60 iliyoishiwa nusu ya nguvu imewekwa kwenye chaja saa mbili usiku. Kabla ya saa tisa usiku itakuwa imejaa. Iwapo chaja haijikati yenyewe na mwenyewe ataamka saa kumi na mbili, zimebaki saa tatu au nne za kutengeneza gesi, nazo ni lita 40 au 50.

Katika chumba kikubwa chenye madirisha wazi, kiasi hicho si kikubwa. Haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, hupaa upesi na kutoweka penye upenyo. Lakini betri nyingi haziwekwi katikati ya chumba. Huwekwa ndani ya sanduku la mbao ili watoto wasiziguse, ndani ya kabati, au chini ya kitanda chenye shuka lililoning’inia hadi sakafuni. Sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 40, likifunikwa vizuri, lina hewa isiyofika lita 100. Humo, asilimia 4 hufikiwa kwa lita 4 tu za haidrojeni, yaani katika muda wa dakika 20 hivi tangu betri ilipojaa. Mzazi aliyelitengeneza sanduku hilo kwa nia ya kuwakinga wanawe amewatengenezea bomu bila kujua. Sanduku lenyewe si kosa, mradi litobolewe matundu mapana juu na chini, pande mbili, hewa ipite, na lifunguliwe kabisa wakati wa kuchaji.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Hata kama hewa ya chumba ni safi, ndani ya vyumba vya betri yenyewe, juu ya tindikali, haidrojeni na oksijeni zimekwisha kukutana kwa kipimo kilicho kamili kwa mlipuko. Ndiyo maana betri iliyo nje, uwanjani, yaweza pia kulipuka ikiguswa na cheche penye matundu yake. Nafasi hiyo ni ndogo, na mlipuko wake hauangushi nyumba. Huvunja kifuniko cha juu na kurusha vipande vya plastiki pamoja na tindikali, na wakati huo uso wa mtu kwa kawaida uko hapo hapo, umeinama.

Cheche hutoka wapi

Hutoka, kwanza kabisa, kwenye mikono ya anayechaji. Anayechomoa kibanio cha chaja kutoka kwenye betri huku umeme ukiwa bado unapita hukata mkondo wa umeme juu kabisa ya matundu ya gesi, na kila mkondo unaokatwa hivyo hutoa cheche. Utaratibu salama ni mwepesi kukumbuka. Vibanio hufungwa kwenye betri kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha ndipo plagi ya chaja huingizwa ukutani. Wakati wa kumaliza hufanywa kinyume chake: plagi huchomolewa kwanza, mtu husubiri dakika kadhaa gesi ipungue, kisha huondoa vibanio. Taa na televisheni zilizounganishwa na betri nazo huzimwa kabla, kwa sababu waya wake ukichomolewa hutoa cheche zile zile.

Cheche ya pili hutoka kwa spana. Wengi huihesabu betri kuwa haina madhara kwa kuwa volti 12 haziwezi kumrusha mtu, na hilo ni kweli. Lakini betri ya gari imeundwa ili izungushe injini iliyolala, kazi inayotaka mamia ya ampea kwa mara moja. Spana ikiangukia vichwa vyote viwili vya betri, mamia hayo ya ampea hupita ndani yake. Chuma huiva mekundu na huweza kunata hapo hapo. Pete ya ndoa au saa ya chuma ikichukua nafasi ya spana, kidole huungua hadi mfupani kabla mwenyewe hajawahi kuuvuta mkono. Mafundi wazoefu huvua pete kabla ya kuigusa betri, tena hufungua kichwa cha hasi kwanza na kukifunga mwisho.

Kisha kuna moto wa kawaida wa nyumbani: sigara, mshumaa, jiko la mkaa, kibatari. Zamani kidogo lilikuwa jambo la kawaida mtu kufungua vifuniko vya betri usiku na kumulika kwa njiti ya kibiriti ili aone kama maji yamepungua. Simu zenye tochi zimepunguza desturi hiyo, lakini umeme unapokatika na simu nayo imezima (na mara nyingi betri inachajiwa kwa sababu simu imezima) kibiriti hurudi mkononi.

Chaja za kienyeji na paneli za sola

Chaja nzuri hupunguza umeme yenyewe betri inapojaa. Bei yake ndiyo kikwazo, na pengo hilo limezibwa na ufundi wa mtaani, mwingine wa kusifika, mwingine wa kutisha. Wa kutisha zaidi ni ule wa kuchukua umeme wa ukutani moja kwa moja na kuupitisha kwenye balbu na dayodi hadi kwenye betri, bila transfoma. Betri huchajika kweli, tena polepole. Lakini hakuna kinachoitenga na umeme wa nyumbani, kwa hiyo vichwa vyake, vibanio na hata tindikali iliyotiririka juu ya kasha vyaweza kubeba volti 220 au 240. Anayeigusa akiwa peku kwenye sakafu yenye unyevu anadhani anagusa betri ya volti 12. Hakuna namna ya kuirekebisha chaja ya aina hii ikawa salama. Ni ya kuvunjwa.

Paneli ya sola nayo ina mtego wake. Paneli inayouzwa kwa jina la “volti 12” hutoa volti 18 hadi 22 jua likiwa kali na kukiwa hakuna kinachovuta umeme. Ikiunganishwa na betri bila chombo cha kudhibiti chaji, itaendelea kuisukuma hata baada ya kujaa, siku nzima, kila siku. Kwa paneli ndogo madhara huja taratibu: maji hukauka, mabamba hubaki wazi, betri hufa kabla ya wakati wake na mwenyewe hulaumu duka. Kwa paneli kubwa betri hupata joto, hutoa gesi nyingi, na plastiki yake huanza kuvimba. Mara nyingi kidhibiti huondolewa na wenyewe, baada ya kuharibika, kwa ushauri wa jirani aliyeona mambo yakienda bila hicho. Fedha iliyookolewa hulipwa mara mbili kwa betri mpya.

Betri isiyofunguka, inayoitwa “kavu” madukani, haijaepukana na haya. Tindikali yake imefyonzwa au imegandishwa, lakini ikichajiwa kupita kiasi hufungua vali zake na kutoa gesi kama nyingine, na maji yakishatoka hayarudishiki. Betri za lithiamu zinazoenea sasa ni kabila jingine kabisa. Chaja ya betri ya risasi isitumiwe kuzichaji, wala ya kwao isitumiwe kuchaji za risasi.

Harufu ya yai lililooza karibu na betri ni onyo la peke yake. Betri iliyopashwa joto kupita kiasi, au yenye chumba kimoja kilichokufa, huweza kutoa gesi ya salfidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu. Ubaya wake ni kwamba ikizidi huua uwezo wa pua kuisikia, hivyo mtu hudhani harufu imekwisha. Umeme hukatwa kwenye swichi kuu au plagi kama inafikika kwa usalama, milango na madirisha hufunguliwa, watu hutoka nje, na betri haiguswi mpaka ipoe. Haichajiwi tena.

Vivyo hivyo jenereta inayowashwa kwa ajili ya kuchaji betri haina nafasi ndani ya nyumba wala kibarazani chini ya dirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, na huo umekwisha kuua familia nzima nzima usingizini. Gari linalounguruma ndani ya gereji iliyofungwa ili kuchaji betri yake ni jambo lile lile.

Tindikali ikimrukia mtu

Kati ya viungo vyote, jicho ndilo lenye muda mchache zaidi. Tindikali ikiingia machoni, kinachohitajika ni maji safi ya kawaida, mengi, na papo hapo. Jicho hushikwa wazi kwa vidole na kumiminiwa maji kwa muda usiopungua dakika 15 hadi 20, kichwa kikiwa kimeinamishwa upande ili maji yasiingie katika jicho la pili. Dakika hizo zitaonekana ndefu na mgonjwa atataka kuacha; asiachiwe. Baada ya hapo ni hospitali, hata kama maumivu yametulia. Maziwa, mafuta, asali na dawa ya meno havina kazi hapa, na magadi ambayo ni mazuri kwa kumwagia sakafu yenye tindikali yasisogezwe karibu na jicho. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Asuuze kinywa na apelekwe hospitali bila kukawia.

Ngozini, nguo iliyolowa huvuliwa kwanza, kisha maji kwa muda ule ule. Nguo yenyewe huweza kuonekana nzima hadi inapofuliwa, ndipo inapotoboka. Wanaobeba betri kwa baiskeli au pikipiki kuipeleka mjini kuchajiwa wanazijua suruali za namna hiyo. Betri husafirishwa ikiwa wima, imefungwa isiyumbe, vifuniko vyake vimekazwa, na isibebwe mapajani wala kichwani.

Mahali na kipimo

Mahali bora pa kuchajia ni nje penye kivuli na paa la mvua, au kibanda chenye upenyo juu, mbali na jiko na mbali na mahali watu wanapolala. Nyumba ya vyumba viwili mjini haina nafasi hiyo siku zote. Basi iwe karibu na dirisha lililo wazi, betri ikiwa sakafuni juu ya ubao au sinia la plastiki, chaja ikiwa kando yake na isiwe juu yake, na iwe mchana wakati kuna mtu mzima aliye macho. Wanaopata umeme usiku tu wanaweza kuweka saa ya kuwaamsha, au kununua swichi ya saa inayokata umeme yenyewe.

Kipimo cha kawaida cha umeme wa kuchaji ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa betri: ya ampea-saa 60 hupewa ampea 6, ya 100 hupewa 10. Anayeharakisha kwa kuipa mara tatu ya hapo huipasha joto na kuzidisha gesi. Kabla ya kuchaji, maji huongezwa tu kama mabamba yamebaki wazi, na kwa kiasi cha kuyafunika. Kiwango kamili hujazwa baada ya chaji, kwa sababu kimiminika hupanda betri inapochajiwa na kilichozidi humwagika. Kinachoongezwa ni maji safi ya betri. Kuongeza tindikali ili “kuipa nguvu” betri iliyochoka huyala mabamba yake. Watengenezaji wengi hushauri vifuniko vyenye matundu ya kupumulia viachwe mahali pake, matundu yakiwa safi, kinyume na desturi ya gereji nyingi ya kuvifungua vyote na kuacha mvuke wa tindikali urukie kila kilicho karibu. Betri iliyopasuka, iliyovimba au inayovuja haichajiwi kabisa.

Risasi inayobaki

Betri iliyouawa kwa chaji mbaya huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wengine kabla ya kuiuza humwaga tindikali yake nyuma ya nyumba ili iwe nyepesi kubebeka. Kinachomwagwa kimebeba chembe za risasi, na risasi haiozi. Huingia mwilini mwa watoto kwa vumbi na kwa mikono yao, hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer mjini Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 mahali ambapo wakazi walikuwa wakichambua risasi ya betri chakavu kutoka mchangani.

Karibu zaidi na nyumbani, mjini Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliishi kwa miaka kadhaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano yao na kutunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na mvutano wa rufaa ukafuata kwa miaka. Nyumbani, betri iliyokufa hupaswa kuachwa ikiwa nzima, na tindikali yake ndani, ikae wima penye kivuli mbali na kisima na watoto hadi itakapochukuliwa na muuzaji wa betri mpya. Wauzaji wengi huipokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya.